Mzazi asitozwe kiingilio kumwona mwanawe jukwaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu jambo ambalo kamati nyingi za wazazi hulipitisha dakika za mwisho za kikao, wakati wajumbe wameshaanza kukusanya mikoba yao. Jambo hilo ni kiingilio. Shughuli ya shule imepangwa, kwaya imefanya mazoezi, igizo liko tayari, ukumbi umepatikana, ndipo mtu mmoja anauliza: tutoze kiasi gani mlangoni? Hakuna anayeuliza kama inafaa kutoza. Mimi mwenyewe nilikuwa mweka hazina wa kamati ya namna hiyo kwa miaka minne, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwa na swali jingine ila hilo la kiasi. Leo nina hakika kwamba tulikuwa tukijibu swali la pili kabla ya la kwanza, nami ninaandika kwa sababu ziko kamati nyingine zitakazokaa hivi karibuni na kufanya kama tulivyofanya sisi.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili msomaji asihangaike kuutafuta. Katika shughuli yoyote ambayo mtoto anashiriki kwa kuwa ni mwanafunzi wa shule ile, awe anaimba, anaigiza, anakimbia, anapokea cheti au anaonesha kazi ya mikono yake, familia yake iingie bila kulipa. Sisemi ilipe kidogo, wala sisemi wenye shida wasamehewe. Nasema mlango uwe wazi kwa wote. Lakini shughuli iliyoandaliwa kwa nia ya kuchangisha fedha, ikatangazwa hivyo, na ambayo mtoto asipofika hapungukiwi na chochote cha shule, hiyo kamati iitoze inavyoona inafaa. Mambo haya mawili tumezoea kuyachanganya, na uchungu mwingi ninaousikia kwa wazazi unatoka katika kuyachanganya huko.

Nieleze nilichokiona, maana sikubadili mawazo kwa kusoma. Ilikuwa jioni ya maonesho ya kufunga mwaka. Nilikaa nyuma ya meza ndogo kando ya mlango, nikiwa na kopo la chenji, kitabu cha tiketi na kalamu. Kanuni tuliyoipitisha ilikuwa nyepesi kuieleza: kila mtu mzima kiasi fulani, kila mtoto nusu yake, na wanaopanda jukwaani hawalipi. Akaja baba mmoja na mkewe, mama yake mzee, na watoto watatu, mmoja wao akiwa tayari amevaa mabawa ya karatasi aliyoyatengeneza darasani kwa ajili ya igizo. Yule baba aliisoma karatasi iliyobandikwa mbele ya meza, akaisoma tena, kisha akawatazama watu wake mmoja mmoja, kwa namna ambayo yeyote aliyewahi kufanya hesabu akiwa na fedha isiyotosha ataielewa mara moja. Akanisalimu vizuri. Akaniuliza kama mtoto wa miaka minne naye analipa. Nikamjibu, "Ndiyo, ndugu yangu, ni kila mtoto." Hakubishana nami hata kidogo. Alinihesabia fedha za watu wanne, akamgeukia mkewe na kumwambia kwa sauti ya chini, "Ingieni na mama, mimi nitawangoja hapa nje." Mtoto mwenye mabawa alikuwa amemshika mkono. Ilibidi mama yake autoe mkono ule polepole, kidole kwa kidole, ndipo wakaingia.

Baada ya nusu saa hivi nilitoka kupeleka kopo ofisini, nikamkuta amesimama upande wa madirisha, ambayo katika ukumbi ule yako juu kuliko kimo cha mtu, akisikiliza. Aliponiona alitabasamu, akanyoosha kidole kuelekea dirishani na kusema, "Huyo ndiye wangu." Aliitambua sauti. Nilirudi ndani nikiwa sijui la kumjibu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba safu tatu za nyuma zilikuwa tupu kabisa.

Safu zile tatu zimenisumbua kuliko jambo lolote jingine katika miaka yangu ya uweka hazina. Ukumbi ulikuwa wa shule. Vipaza sauti vilikuwa vimeshakodiwa kwa usiku mzima. Watoto wangeimba wimbo uleule mbele ya watu mia moja au mia mbili. Mtu mmoja zaidi kukaa kwenye kiti ambacho hakikaliwi na mtu hakuongezi gharama hata ya senti moja, kwa hiyo kumzuia baba yule hakukuiletea kamati faida yoyote. Fedha yake hatukuipata, na kiti chake kilibaki kitupu. Kanuni yetu ilifanya kazi moja tu pale mlangoni: ilimnyima. Nami niliyekuwa na kitabu cha tiketi mkononi ningeweza kumwambia aingie, lakini nyuma yake palikuwa na foleni, na waliokuwa foleni walikuwa wakitazama, na nilijua kwamba nikimruhusu mmoja nitaulizwa na wa pili. Ndivyo mtu mwema anavyoweza kutenda lisilo jema akiwa na risiti sahihi mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba kisa kimoja si hoja. Ni kweli, lakini tazameni hesabu yenyewe ilivyokaa. Kiingilio cha kichwa kwa kichwa kina tabia ya kuwaelemea walewale ambao kila kitu kingine kimeshawaelemea. Familia ya mtoto mmoja na wazazi wawili wenye mishahara hulipa watu wawili na haikumbuki tena. Mama anayelea peke yake hana wa kumwachia wadogo nyumbani, hivyo anakuja nao wote na kulipia wote, pamoja na anayelala begani mwake muda wote wa maonesho. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa kipato kisichokuwa cha uhakika, ambaye huenda wajukuu wake wawili wako kwenye kwaya, hulipa kuliko daktari mwenye mtoto mmoja. Na pale wazazi wameachana, mtoto akatamani wote wawili wamwone, kiingilio huwapa sababu nyingine ya kubishana ni zamu ya nani. Hakuna mjumbe wa kamati aliyekusudia haya. Hata hivyo, ndiyo matokeo ya kanuni inayohesabu vichwa bila kuuliza vichwa hivyo ni vya nani.

Kisha kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa majuto. Vikao vyetu vilijaa malalamiko kwamba wazazi fulani hawaonekani shuleni. Tuliwataja, wakati mwingine kwa majina: hawaji kwenye mikutano, hawaji kuchukua ripoti, hawafuatilii. Mwalimu mmoja aliyekuwa mjumbe alituambia waziwazi kwamba ziko familia ambazo siku pekee zinapokanyaga shuleni kwa furaha ni siku mtoto wao anapopanda jukwaani, kwa kuwa siku nyingine zote huitwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu au deni. Sisi tukaiweka meza ya fedha mlangoni siku hiyohiyo moja.

Inafaa kukumbuka vikundi hivi vilianzia wapi. Mmoja kati ya miungano mikubwa na ya zamani ya wazazi ulizaliwa Washington, Marekani, mwezi wa Februari mwaka 1897, pale Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst walipoitisha mkutano wa akina mama kuzungumzia malezi na elimu, na watu zaidi ya 2,000 wakahudhuria. Baadaye akina baba na walimu wakaingia, na muungano huo ukawa chama cha wazazi na walimu cha nchi nzima. Shabaha yake ilikuwa kuiunganisha nyumba na shule, ili mtoto asiwe na dunia mbili zisizofahamiana. Fedha ilikuja kama chombo cha kazi hiyo. Kamati ambayo kwa ajili ya kupata fedha inaifungia nyumba mlango wa shule imegeuza chombo kuwa shabaha, na haijalishi fedha ile itanunua nini.

Kuhusu fedha na elimu kwa jumla, dunia imeshajifunza somo kubwa ambalo sisi wa kamati hatupendi kulihusisha na vitabu vyetu vya tiketi. Malawi ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 1994, Uganda mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kwa mamia ya maelfu, na katika baadhi ya nchi hizo kwa zaidi ya milioni moja. Wazazi wa watoto hao hawakuanza kuipenda elimu siku ada ilipofutwa. Walikuwa wakiipenda wakiwa nyumbani, wakishindwa kiasi ambacho wenzao waliokuwa wakilipa walikiona kidogo. Na mwaka 1999 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, ilipotoa ufafanuzi wake kuhusu elimu ya msingi isiyo na malipo, haikuishia kwenye ada. Ilitaja pia gharama zisizo za moja kwa moja, kama vile michango ya lazima inayotozwa wazazi, na ikasema kwamba wakati mwingine michango hiyo huitwa ya hiari ilhali si ya hiari. Sidai kwamba kiingilio cha maonesho ya shule ni ada. Ninachosema ni kwamba mzazi anayesimama mbele ya meza, mtoto wake akiwa ameshavaa mavazi ya igizo, hana hiari yoyote, hata kama tangazo letu liliandika kwa herufi kubwa kwamba wote mnakaribishwa.

Najua jibu ambalo kamati nyingi hulitoa hapa, kwa sababu nami nimelitoa mara nyingi: asiye na uwezo aje aseme, atasamehewa. Tulilitangaza hilo kila mwaka na tukajiona watu wa huruma. Katika miaka yote minne walikuja kuomba watu wachache sana, nasi tukahitimisha kwamba basi tatizo ni dogo. Ukweli ni kwamba kumwambia mtu aje akiri umaskini wake mbele ya mwenyekiti ambaye kesho atakutana naye sokoni au msikitini au kanisani, ili apate ruhusa ya kumtazama mwanawe akiimba, ni kumtoza kiingilio cha aina nyingine, tena kikubwa kuliko cha kwanza. Wengi huona afadhali kukaa nyumbani na kumwambia mtoto kwamba walikuwa na kazi.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Mwaka 1984, katika kesi ya Hartzell dhidi ya Connell, Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliamua kwamba shule za umma haziwezi kuwatoza wanafunzi ada ili washiriki katika maigizo, muziki na michezo, kwa kuwa shughuli hizo ni sehemu ya elimu na elimu ile imeahidiwa bila malipo. Kesi ile ilihusu wanafunzi wanaoshiriki, haikuhusu watazamaji, na sitaki kuinyoosha ifike isipofika. Kinachonigusa ndani yake ni jibu la mahakama juu ya misamaha. Mamlaka ya shule ilijitetea kwamba wasio na uwezo walikuwa wakisamehewa ada. Mahakama ikasema msamaha hauliponyi kosa, kwa sababu haki hiyo ni ya watoto wote, si ya maskini peke yao. Hukumu ikakumbusha maneno ya mbunge Thaddeus Stevens katika bunge la Pennsylvania mwaka 1835, alipopinga mpango wa kuandika orodha ya wanafunzi maskini ili wao tu ndio wasomeshwe bila malipo. Stevens aliiona orodha ile kuwa alama ya aibu inayobandikwa kwa mtoto. Karibu miaka mia mbili imepita, na bado kuna daftari la kamati lenye ukurasa unaoitwa "waliosamehewa". Nalijua kwa sababu niliuandika ukurasa huo kwa mkono wangu.

Kuna hasara nyingine ya kiingilio ambayo ilinichukua muda kuitambua, nayo inawapata hata wale wanaolipa bila shida. Katika miaka miwili iliyotangulia uweka hazina wangu, kabla hatujaanza kutoza, maonesho yalipomalizika wazazi walibaki. Walibeba viti wakavipanga ukutani, wakafagia, wakazikunja pazia, na katika kufanya hivyo wakafahamiana. Nimeona wazazi wawili ambao watoto wao walikuwa wakigombana darasani wakipatana wakiwa wamebeba meza moja. Mwaka tulioanza kutoza, waliinuka wakaondoka. Tulifagia wanne. Mwenyekiti aliudhika sana, akaniuliza watu wamekuwaje, nami sikuwa na jibu. Sasa nadhani jibu ninalo: tulikuwa tumewageuza wateja, na mteja akishalipa amemaliza wajibu wake.

Wataalamu wa uchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliliona jambo linalofanana na hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, walioufanya katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao, na vituo 6 kati ya hivyo vikaanza kuwatoza faini waliochelewa. Kuchelewa hakukupungua, kuliongezeka. Na faini ilipoondolewa baada ya majuma kadhaa, hali haikurudi ilivyokuwa mwanzo. Kabla ya faini mzazi aliyechelewa aliona haya mbele ya mlezi anayemngoja. Baada ya faini alijiona amenunua muda ule. Fedha ilipoingia kati ya mzazi na mlezi, haya ilitoka, na fedha ilipoondoka haya haikurudi. Kamati zinazofikiria kujaribu kiingilio mwaka mmoja tu kisha kuona itakavyokuwa zingefanya vyema kulitafakari hilo la mwisho.

Sitaki nionekane kama mtu asiyejua gharama. Nimelipa bili hizo mwenyewe. Mavazi, mbao za jukwaa, umeme, vyeti, usafiri wa watoto kwenda mashindanoni, vyote hivyo vinahitaji fedha, na kamati isiyo na fedha hailisaidii jukwaa lolote. Nakiri pia kwamba wazazi kadhaa ninaowaheshimu waliniambia wanapendelea kiingilio kinachojulikana kuliko kusumbuliwa kila juma na bahasha za michango, na malalamiko yao yana haki kamili: bahasha zimezidi. Lakini dawa ya bahasha nyingi ni kuzipunguza, si kuhamishia mzigo kwenye mlango ambao mtoto yuko upande wa pili.

Niseme tulichopata mlangoni. Mwaka ule nilipokaa kufunga hesabu, nilitoa gharama za kuchapisha tiketi, nikatoa chenji zilizopotea, nikalinganisha kilichobaki na mapato ya mnada mdogo wa vitu vilivyotolewa na wazazi wenyewe ndani ya ukumbi usiku uleule. Mnada ulituingizia kuliko mlango, na kwa tofauti iliyonishangaza. Walionunua mnadani walinunua wakicheka, wengine kwa bei ya juu kuliko thamani ya kitu, kwa sababu walikuwa ndani, wamekwisha kuwaona watoto wao, na mioyo yao ilikuwa imefunguka. Mtu aliyepo ndani huchangia, na aliyebaki nje hachangii. Wajumbe wenzangu walipenda kuzungumzia fedha ambayo tungeipoteza kwa kufungua mlango, lakini hakuna aliyehesabu fedha tuliyoipoteza kwa kuufunga.

Hata kopo la mchango lina mahali pake. Likiwekwa wanapoingilia, na mtu amesimama kando yake, ni kiingilio kwa jina jingine. Likiwekwa wanapotokea, kando ya karatasi inayoeleza kwa tarakimu nini kinahitajika na kimepatikana kiasi gani, bila mtu wa kutazama nani ametia nini, ni mchango wa kweli. Wenye nacho huliona. Kamati iwe tayari pia kuonesha mapato na matumizi baada ya kila shughuli, kwa wazazi wote, waliotoa na wasiotoa, maana nimegundua kwamba wengi wanaoitwa wagumu wa kutoa ni watu ambao hawajawahi kuoneshwa fedha ya mwaka jana ilikwenda wapi. Na ile desturi ya kusoma majina ya waliochangia kwenye kipaza sauti mbele ya watoto ikomeshwe kabisa. Mtoto ambaye jina la ukoo wake halikusomwa anajua halikusomwa.

Hoja ya nafasi ni nyepesi zaidi. Ziko kumbi ndogo na shule kubwa, na watu wakija wote haitawezekana. Katika hali hiyo tiketi zinahitajika, lakini zisiuzwe, zigawiwe: kila mwanafunzi anayeshiriki apewe idadi sawa na mwenzake apeleke nyumbani, na zikibaki zigawiwe kwa wanaohitaji zaidi. Shughuli ikiwezekana ifanywe mara mbili. Watu wasio wa shule wanaotaka kuja kustarehe watozwe, sina pingamizi. Wengine husema cha bure hudharauliwa, watu watakuja wakipiga kelele na kutoka katikati. Mimi nimekaa katika kumbi za bure na za kulipia, na sijaona kelele ikipungua kwa sababu ya tiketi. Inapungua pale mwalimu mkuu anaposimama na kuomba utulivu, na pale kila aliyekaa anamngoja mtoto wake.

Narudi kwa watoto, maana kwa sauti zetu wakubwa ni rahisi kuwasahau. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto kushiriki kikamilifu katika maisha ya utamaduni na sanaa. Nimejiuliza mara nyingi nini maana ya kushiriki kikamilifu kwa mtoto wa miaka saba. Yeyote aliyesimama kando ya jukwaa amewaona wanavyoingia: hawamtazami mwalimu anayewaongoza, wanatazama viti. Macho yanapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, yanatafuta. Aliyempata mtu wake anasimama wima na sauti inatoka. Asiyempata anaendelea kutafuta katikati ya wimbo, na mwalimu hukasirika kwamba amesahau maneno. Maneno hakuyasahau. Yule mtoto mwenye mabawa alimwona mama yake na bibi yake, lakini aliendelea kuangalia mlangoni karibu muda wote wa igizo, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba baba hakuwa amechelewa.

Mwaka uliofuata nilipendekeza kiingilio kiondolewe, nikashindwa kwa kura. Sikuwalaumu wenzangu, kwa sababu niliwaletea hoja ya moyo bila hesabu, na kamati ina haki ya kudai hesabu. Sasa si mweka hazina tena, lakini bado ni mzazi shuleni pale, na mkutano mkuu wa wazazi utakaa kabla ya maonesho ya mwaka huu. Nimeomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda mwanzoni, watu wakiwa bado wamekaa. Nitakwenda na daftari la miaka minne, mapato ya mlangoni yakiwa safu moja na mapato ya ndani safu nyingine, pamoja na idadi ya viti vilivyobaki vitupu kila mwaka, ambayo kwa bahati nzuri mtunza ukumbi alikuwa akiiandika. Nawaomba wajumbe wa kamati nyingine watakaoisoma barua hii watafute madaftari yao, wafanye hesabu hiyohiyo, na kabla ya kupiga kura wamuulize mlinzi wa lango la shule yao ni wazazi wangapi usiku wa maonesho husimama nje hadi mwisho.

Wako,
Mzazi, aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya wazazi